Mwaka wa Kuwakalisha Papa na Mama Benchi Moja

Habari za kifo cha Sista Lissy zilinikuta nakata vitunguu. Simu ililia juu ya meza, ujumbe wa sauti kutoka Kerala, nami nikaubonyeza kwa kidole cha mwisho kilichokuwa kikavu. Nikamsikia mpwa wake akilia kwa Kimalayalam, lugha ambayo pamoja na miaka yote niliyokaa na masista wa huko najua maneno yake ya jikoni na ya sala tu. Nikasikia jina la Lissy, nikasikia jina la Yesu, nikaelewa. Masista wenzangu walioingia jikoni hawakuuliza sababu ya machozi, kwa ajili ya vile vitunguu, lakini mimi si mtu wa kulia kwa adabu. Nikasema kwa sauti, "Lissy amekufa," na sufuria ikaungua pale pale mbele ya macho yetu bila mtu kuisogeza. Tangu siku hiyo najikuta narudi kwenye mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa hapa Bruseli, ambao Lissy aliniambia ukweli mapema nami nikautemea mate. Naandika Kiswahili cha Morogoro, kwa kuwa ndiko walikonipeleka unovisi, kufunzwa utawa, na masista wa kule hawakunionea huruma. Lakini wazazi wangu, Papa na Mama kama tulivyowaita, nawaachia Kiswahili chao cha Bukavu. Nikiwasafishia maneno sitawasikia tena.

Mwaka ule tulikaa Ixelles, orofa ya tatu, karibu na Galerie, ule ujia wa maduka ya Wakongo, na harufu ya nywele zilizopigwa pasi kwenye saluni za chini ilipanda ngazi mpaka sebuleni. Kaka zangu wawili walikuwa wameshaoa na kuhama. Mimi, mtoto wa mwisho, nilibaki katikati ya wazee wawili na televisheni. Juu ya televisheni alisimama Bikira Maria wa plasta kwenye kitambaa cha kufuma, na pembeni yake chupa ya plastiki yenye umbo la huyo huyo Bikira, taji lake la buluu likiwa ndiyo kifuniko. Ndani yake mlikuwa na maji ya baraka ya Lurdi, yale ambayo mahujaji wa parokia walikuwa wanayaleta kila mwaka. Papa alikuwa msafishaji kwenye majengo ya vioo ya ofisi za Ulaya kule Schuman. Mama aliwauguza wazee. Na Papa alikuwa mtu wa bia. Si mlevi wa kuanguka, hapana, mlevi wa kuimba. Akirudi Ijumaa tulimsikia tangu orofa ya kwanza, sauti nzito ya kwaya, na Mama alikuwa anafunga madirisha kwa ajili ya majirani huku akicheka na kulaani kwa pamoja. Alimwombea aache. Novena juu ya novena, siku tisa tisa za sala, magoti yake yakaota sugu.

Basi Mungu akamsikia. Mfanyakazi mwenzake mmoja alimwalika Papa kwenye maombi yao, ambayo walikuwa wanayafanya katika chumba cha mafagio na ndoo kabla ya kubadili nguo, halafu akampeleka kwenye kanisa lao la uamsho, ukumbi wa kukodi nyuma ya duka la matairi. Bia ikakoma ndani ya juma moja. Mama alipiga vigelegele pale pale kwenye ngazi, jirani wa Kibelgiji akafungua mlango kuona kama kuna moto. Lakini baada ya bia, Papa aliacha sigara, akaacha kwaya, akaacha rozari. Siku moja nilirudi nikakuta msumari ukutani bila rozari yake. Akaanza kusema kwamba lile plasta lililo juu ya televisheni lina macho na halioni, lina masikio na halisikii, na kwamba nyumba yenye sanamu haiwezi kubarikiwa. Mama akajibu kwamba huyo asiyesikia ndiye aliyesikia habari ya pombe yake. Mama aliomba pombe iondoke. Iliondoka kweli, ikamchukua na Papa.

Siku iliyovunja nyumba ilikuwa Jumapili mchana. Tulikuwa na wageni wawili: Tonton Déo, kaka mkubwa wa Papa, na Maman Chantal, mdogo wake Mama. Mama alikuwa anapika sombe, kisamvu chetu, na samaki wa kukauka, madirisha yametoka jasho, nami napanga sahani. Papa akaingia jikoni kuchukua chumvi, akamkuta Mama ameinamia sufuria, ameshika chupa ya Bikira, taji mkono mmoja na mwili mkono mwingine, anamimina.

"Unatia nini mu chakula?" Papa aliuliza.

"Maji ya baraka."

"Tangu siku gani?"

Mama hakuficha. Alirudishia taji polepole, akasema, "Tangu siku uliacha kusali na sisi. Nilisema, kama kinywa inakataa Maria, basi tumbo itamupokea."

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa ni hila ya Mama kabisa. Lakini Papa alikuwa amebadilika rangi. Alirudi sebuleni, akasimama mbele ya kaka yake na shemeji yake, akasema, "Mumesikia? Huyu mwanamuke ananiloga. Miezi yote hii nakula dawa yake. Uko mulozi, kumbe niko nalala na mulozi."

Mtu asiyetoka kwetu ataona ni tusi kama matusi mengine. La. Kwetu mume anaweza kumwita mkewe mvivu, mkaidi, hata malaya akiwa na hasira, kesho wakala pamoja. Lakini akimwita mlozi mbele ya mashahidi wa pande mbili, neno hilo halifutiki kwa busu. Nchi yetu imewachoma moto wanawake kwa neno hilo. Maman Chantal aliinuka, akachukua mkoba wake, akasema kwa utulivu wa kutisha, "Shemeji, ile neno umesema, tumeisikia." Sombe ililiwa na nani sikumbuki. Nadhani niliimwaga mimi.

Jumapili iliyofuata familia mbili zilikaa kikao. Mimi nilitumwa sokoni Flagey kununua ndizi, na nilijua kabisa kwamba hakuna mtu anayehitaji ndizi. Nilizunguka katikati ya vibanda vya jibini na kuku wa kuchoma, nikaambulia kusukumwa na watu wenye mbwa, nikanunua ndizi mbichi kwa hasira. Niliporudi, sanduku la Papa lilikuwa mlangoni. Tonton Déo aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Papa atakaa kwanza Anderlecht, kwa ndugu mumoja wa kanisa. Usilie, mama. Bakubwa tumeongea." Mama alikuwa jikoni anaosha glasi zilizokuwa safi. Kilichosemwa humo ndani hakuna aliyeniambia, na mtoto wa kwetu haulizi. Nilijitungia mwenyewe. Nilijiambia kwamba wamempa Papa muda hasira ishuke, kwamba kinachokosekana ni siku moja tu ya kuwakalisha pamoja, na kwamba akilitoa lile neno mdomoni mwake mbele ya watu, sanduku litarudi. Hilo likawa ombi langu. Sikuwa na lingine mwaka mzima.

Ni wakati huo Mama alianza kunichukua Jumamosi kwenda naye kazini, nadhani aliogopa kuniacha na ile nyumba. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye konventi, nyumba ndefu ya matofali mteremko wa Flagey upande wa mabwawa, ambamo masista wazee wa Kibelgiji walikuwa wanazeeka taratibu huku masista vijana kutoka Kerala wakiwaosha na kuwalisha. Nilipenda ile nyumba kwa pua kabla ya moyo. Korido ilinukia nta ya sakafu na mashuka yaliyopigwa pasi, na ukifika jikoni unakutana na nazi, pilipili na majani ya mchuzi yakiruka kwenye mafuta. Jikoni ndiko alikokuwa Lissy. Alikuwa muuguzi, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, na alinipa kazi dakika ile ile aliyoniona. "Wewe, kuna nazi." Nilikuna nazi. Alionja mchuzi wangu wa kwanza akasema unafaa kwa wagonjwa wasioonja kitu. Nikampenda.

Jumamosi moja ya mvua alileta filamu aliyotumiwa na dada yake, diski iliyofungwa ndani ya gazeti la huko kwao. Viti vya magurudumu vilipangwa mbele ya televisheni, blanketi magotini, Mama akagawa chai, na Lissy akasimama pembeni ya skrini kututafsiria kwa Kifaransa, vitenzi vyote vya wakati uliopo, akituhadithia mambo kabla hayajatokea. Ilikuwa habari ya nyumba yenye paa la vigae katikati ya mashamba ya mpira. Baba ni katekista, mama ni mwalimu wa shule. Wamegombana kwa sababu ya heshima, Lissy alisema, na sikuelewa heshima ya nani. Mama amerudi kwa kaka zake. Mtoto wao wa kike anataka kuingia utawa, na kila jioni anawasha taa mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu akiwaombea wazazi wake. Masista wazee walianza kusinzia. Mimi nilikuwa nimesogeza kiti changu mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Siku ya nadhiri ikafika. "Baba anapanda basi," Lissy alitafsiri. "Mama anapanda basi lingine." Wakakutana mlangoni mwa kanisa hawaangaliani. Lakini desturi inataka wazazi wamtoe binti wote wawili, wameshika mshumaa mmoja, na nta ya moto ilipodondoka kwenye mkono wa mama, baba akaifuta kwa kidole gumba. Basi! Chumba kizima kikavuta pumzi. Mwisho walitoka kanisani chini ya mwavuli mmoja, mvua inanyesha juu ya miti ya mpira, binti anawatazama kutoka dirishani. "Wanarudi nyumbani," Lissy alisema, akapenga kamasi. Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama na birika la chai mkononi, na chai ilikuwa inamwagika kwenye sinia.

Nilimfuata Lissy jikoni. Nilimwuliza kama ni kweli kwao wazazi lazima waje wote wawili. Akasema ndiyo, baba na mama, ndiyo desturi. Hata kwetu Bukavu ni hivyo, nilikuwa nimeona mara nyingi: binti anayeingia utawa anatolewa kama anayeolewa, baba anasema neno, mama anamfunga kitenge, familia mbili zinakaa upande mmoja. Nikamwuliza, "Na siku yako wewe, wazazi wako walikaa pamoja?"

"Mama alikuja," Lissy alisema. "Baba hakuja."

"Lakini kwenye filamu..."

"Neema, filamu lazima iishe, watu waende kula. Wale waigizaji wakimaliza wanavua nguo, kila mtu anaenda kwake." Akanitazama vizuri, kijiko kimesimama hewani. "Unawaza nini wewe?"

Nilisema siwazi kitu. Juma lile lile nilikwenda kwa Mama Mkuu, Sista Godelieve, Mbelgiji aliyewahi kufundisha Bukavu ujana wake, nikamwambia naomba kuingia. Sikumdanganya. Ile nyumba niliipenda, sala za asubuhi nilizipenda, na kukaa kimya pamoja na watu wengine kulinipa usingizi niliokuwa nimeukosa tangu lile sanduku. Lakini ungenichana moyo siku ile ungekuta benchi la mbele la kanisa, na Papa upande huu na Mama upande huu. Sista Godelieve alinihoji, akanipa miezi ya kujipima, na ndiye mwenyewe aliyesema, bila mimi kumdokeza, kwamba kama ninaingia basi nitatolewa kwa desturi ya kwetu, na baba na mama. Nilitoka ofisini mwake karibu kuruka. Lissy ndiye aliyenisimamisha kwenye korido na kapu lake la mashuka.

"Unamtafuta Mungu," aliniuliza, "au unawatafutia wazazi wako mahali pa kukaa?"

"Vyote viwili."

"Mungu hana wivu," alisema. "Lakini wazazi wako si watoto wako. Usije ukashangaa." Nilimnunia siku nzima. Nilijiambia kwamba ana uchungu kwa sababu baba yake hakuja.

Mama nilipomwambia alilia, kisha akanipikia bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, kama mtu anayesafiri. Kazi ilikuwa ni Papa. Nilimsubiri Schuman, juu ya ngazi za metro, asubuhi watu wenye tai wakiwa wanapanda na wasafishaji wakiwa wanashuka. Alipotokea na begi lake mgongoni alinikumbatia mbele ya wote, maana Papa hakuwahi kuona haya kunipenda, na tukaingia kwenye mkahawa mdogo wa pale chini. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vibaya, mstari wa kola umepinda, na nilifurahi kuuona ule mstari, nikidhani ni ushahidi wa kwamba anatuhitaji.

"Masista," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo, Papa."

"Bale ba sanamu."

"Hao hao, Papa."

Akacheka bila kutaka, meno yote. Kisha akakunja uso. "Mama yako njo amekutuma?"

"Hapana. Mama alilia."

"Alilia namna gani?"

Nikamwonyesha: upande wa kitenge mdomoni, mabega yanapanda. Alitikisa kichwa, anakijua kile kilio. Nikamwambia kwamba Sista Mkuu anataka baba na mama wanitoe wote wawili, siku moja, benchi moja. Alizungusha kikombe kwenye kisahani chake.

"Na kisha yake, unabakia kule? Haurudie tena ku nyumba?"

"Sirudi, Papa. Ni kama kuolewa."

"Sawa kuolewa," alirudia. "Bon. Niachie nimuulize Mungu."

Alifunga chakula siku tatu, halafu akapiga simu. Nilisimama na simu kwenye korido ya kwetu, Mama anasikiliza akiwa nyuma ya mlango wa jikoni akidhani simwoni. "Nitakuja," Papa alisema. "Sanamu yabo banajua bo wenyewe na Mungu. Lakini mutoto wangu hawezi kutoka ku nyumba sawa mwizi. Baba anapashwa kumutoa. Mambo yote iko na mwisho yake." Mimi nilisikia "nitakuja" tu. Nikarukaruka, na mlango wa jikoni ukafungwa polepole.

Nilifanya na jambo lingine, la akili yangu mwenyewe. Nilikwenda Galerie kwa fundi aliyekuwa anakijua kifua cha Papa na kiuno cha Mama tangu harusi za kaka zangu, nikamshonesha kitenge kimoja kwa wote wawili, buluu yenye ndege, sare, vile wazazi wanavyovaa siku ya mtoto wao. Mama alipofungua mfuko alipitisha kiganja juu ya ndege wale.

"Na ya Papa umeshonesha?"

"Ndiyo, Mama."

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Wewe mutoto," alisema, akakunja nguo upya, pembe kwa pembe. Nilidhani ana furaha anaona haya.

Siku yenyewe jua lilitoka, jambo la kushangaza hapa. Kanisa dogo la konventi lilijaa: masista wazee mbele, wa Kerala na maua ya yasmini, na nyuma Bukavu nzima ya Bruseli, vilemba mpaka dari. Papa akaingia kwa mlango wa pembeni amevaa wale ndege wa buluu. Watu waliguna kwa utamu. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mubaangalie, sawa siku ya ndoa yabo," nami nikashukuru Mungu kwa kinywa cha mwanamke yule. Papa alikaa. Benchi la mbele, mkono wa kushoto wa Mama. Hakupiga ishara ya msalaba, hakupiga magoti, lakini alikaa, na bega lake liligusa la Mama kwa sababu benchi lile ni fupi. Sista Godelieve alipouliza ni nani anamtoa mtoto huyu, walisimama wote wawili na kuniweka katikati. Papa akakohoa.

"Kwetu Bushi, kule Bukavu," alisema, "mutoto mwanamuke akitoka ku nyumba, ng'ombe inaingia. Leo mutoto anatoka na hatuone hata mukia ya ng'ombe." Kanisa likacheka, Lissy zaidi ya wote alipotafsiriwa. "Hapana neno. Mwenye anamukamata iko na ng'ombe yote ya dunia. Mimi na mama yake tumemulea, mimi na mama yake tunamutoa. Pamoja." Mama akanifunga kitenge kiunoni, na Papa akamsaidia kulivuta fundo. Mikono yao miwili kwenye fundo moja! Sikusikia kilichoimbwa baada ya hapo. Nilikuwa nalia kwa furaha mpaka sista mmoja akanipa kitambaa.

Tulikula kwenye ukumbi wa chakula, sombe na mchuzi wa samaki wa Kerala kwenye sahani moja, watu wanajilamba vidole bila kujua mpaka uko wapi. Katikati ya ngoma nikawatafuta na sikuwaona. Maman Chantal naye hayupo, Tonton Déo hayupo. Mtu akaniambia wako kwenye chumba cha wageni, kile kidogo karibu na lango, na mlango wamefunga. Nilikimbia jikoni. "Lissy! Wamekaa! Familia mbili zimekaa, wanapatana!" Maana kwetu kupatana kuna sura hiyo hiyo: wakubwa wanne, mlango umefungwa, na mtu analeta cha kunywa. Lissy alikuwa anachuja chai ya maziwa. Hakutabasamu. "Acha ipoe kidogo," alisema. "Kaa na mimi kwanza." Nilichukua sinia mikononi mwake nikaenda.

Papa na Mama walikuwa kwenye kiti kirefu, ndege kwa ndege. Tonton Déo na Maman Chantal walikaa mbele yao. "Ingia, mama," alisema Maman Chantal kwa upole mwingi. "Wewe njo tulikuwa tunangoya."

Nilimimina chai. Tonton Déo alisubiri nimalize. "Neema, sasa uko mukubwa, unaweza kusikia. Ile siku tulikutuma ku ndizi, tulikubaliana hivi: hapana kumaliza ile ndoa mbele mutoto wa mwisho hayatoka mu nyumba. Mutoto mwanamuke hawezi kutolewa na nyumba yenye imeisha kuanguka, ingekuwa haya kwako. Tukasema, bangoje. Papa alikubali kungoja, Mama alikubali kungoja. Leo umetoka, na umetoka muzuri, baba na mama wote bamekutoa mbele ya bantu. Donc tunaweza kubaachilia bapumuzike."

Niliangalia birika. Lilikuwa bado mkononi mwangu.

Papa akamgeukia Mama. Alizungumza polepole kama alivyokuwa akizungumza zamani na mimi nikiwa na homa. "Mama Neema. Ile neno nilisema siku ya sombe, mbele ya hawa bawili, naitoa. Hauko mulozi. Haukukuwa hata siku moja. Umenilelea batoto. Nakushukuru."

Mwaka mzima nilikuwa nimeliomba neno hilo. Nilikuwa nimelipangia mahali, sauti, hata nguo. Na lilikuja kama nilivyoomba, mbele ya mashahidi wale wale, na Mama akalipokea. "Nimesikia," alisema. "Na mimi nisamehe ile maji. Nilitaka tu ubakie." Akafuta macho kwa upande wa kitenge. Kisha wote wanne wakanywa chai, na Tonton akaisifia.

"Papa," niliuliza, "munarudi nyumba gani?"

"Kila muntu na kwake, mama," alisema. Alinishika shavu. "Usisikitike. Umetusaidia sana."

Walipoondoka Papa alimshikia Mama koti, akasubiri mkono wa kwanza uingie, halafu wa pili, na akamwekea kola vizuri. Miaka yote waliyokaa pamoja sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Mama akasema asante, Papa. Walikuwa na nyuso nyepesi, nzuri, nyuso za watu waliofikisha mzigo, na mzigo ulikuwa mimi. Maman Chantal akampeleka Mama, Tonton akatembea na Papa kuelekea kwenye basi, na sista wa lango akafunga.

Kengele ya masifu ya jioni ikalia. Katika nyumba yetu jioni kila sista anataja kwa sauti nia anayoiombea, mmoja baada ya mwingine, na wengine wanaitikia kumwomba Bwana asikie. Walitajwa wagonjwa, ikatajwa mvua ya Kerala, ikatajwa amani ya Kongo. Nilikuwa nimekalishwa karibu na Sista Marie-Josèphe, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na kiziwi kabisa, ambaye alikuwa anafuata zamu kwa kutazama midomo. Zamu yangu ikafika. Nilifungua mdomo kama nilivyoufungua kila siku mwaka ule, na ndani hamkuwa na kitu. Niliwatafuta Papa na Mama nisipate cha kuwaombea. Nikakaa hivyo, mdomo wazi, mpaka kanisa likawa kimya kabisa. Sista Marie-Josèphe aliniona mdomo umefunguka, akadhani nimeshasema, akainua sauti yake kubwa ya watu wasiojisikia:

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Na wengine wote wakaitikia.